Utosi wa Kipusa

Ndugu zangu, kabla sijafungua neno la leo, nina mfano. Nimeutunga mwenyewe juma hili, na nawaambia mapema kwamba haukunifurahisha hata mimi niliyeutunga. Wale mnaosinzia mahubiri yakianza, leo naomba msinzie baadaye.

Kulikuwa na mkunga mmoja mstaafu, huku juu kwenye baridi, watu wakimwita Mama Nsia. Alizalisha kwenye zahanati moja kwa miaka thelathini na moja, na nusu ya watu wa tarafa ile walitua kwanza mikononi mwake kabla ya kutua duniani. Mikono yake ilikuwa na macho. Akimpapasa mama tumboni, anajua mtoto amelalaje. Akimwona mjamzito anakatiza uani, anajua kama nyonga zile zitapitisha kichwa cha mtoto au kuna kazi. Na kila mtoto aliyeletwa kliniki alimwekea kiganja utosini kabla hata ya kumsalimia mama yake. Utosi ukibonyea, mtoto amekaukiwa maji. Ukivimba, kuna ugonjwa mkubwa. Ukichelewa kufunga, kuna jambo, na mtoto huyo haondoki mpaka jambo lijulikane.

Halafu mizani. Mtoto asipoongezeka uzito, ole wako wewe uliyemleta. "Wewe mwenyewe umenenepa, mtoto unampa nini?" aliuliza mbele ya foleni nzima, na wanaume waliosindikiza wake zao wakajifanya wanatazama nje.

Alipostaafu, nyumba ikawa kimya. Binti yake, huyo Nsia, akamletea mbwa wawili wa ile jamii ndogo inayofugwa ndani, dume na jike, wamchangamshe. Wakamchangamsha kweli. Wakazaa watoto wanne: watatu wanene kama viazi, na mmoja mnyonge, wa mwisho kutoka, anayesukumwa na wenzake kila akilitafuta titi.

Wageni wakaja kuona. Wakawaruka wale watatu wazima, wakamnyanyua yule mnyonge. "Jamani, kadogo haka. Mama Nsia, mimi niwekee haka haka."

Niwaulize kitu. Mwenzako akijifungua mtoto njiti, unaingia wodini unasema jamani kadogo, niwekee mimi? Si unashika mdomo? Si unauliza, je, anapumua? Ananyonya? Basi kwa nini kwa mbwa tuliona raha? Sijibu. Naendelea.

Mama Nsia aliona watu wanapenda nini, na siku ile akaanza kuchagua. Mdogo akampandisha kwa mdogo. Akimkosa dume mdogo wa nje, alichukua wa humo humo ndani. Wale wanene aliwagawa kwa majirani kama mtu anavyogawa maparachichi yaliyoanguka. Akatoa kabatini kikombe cha bati, kile kile alichowanyweshea uji kina mama waliotoka kujifungua, akakifanya kipimo. Mtoto wa mbwa akifikisha wiki nne na bado anaenea kikombeni, huyo anabaki kwa mbegu. Asipoenea, hana kazi naye.

Na mizani nayo, ile aliyopewa siku ya kuagwa zahanati, ikarudi kazini. Zamani kadi ya mtoto ikionyesha ameshuka, Mama Nsia alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Sasa mbwa akishuka alisema asante Yesu. Mizani ile ile, mama yule yule. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini hawakusema kwamba anaweza kusahau hata uganga wenyewe.

Uzao wa nne ndipo alipotokea Kipusa. Huyo ndiye aliyekuwa fahari ya nyumba. Mbwa mzima wa miaka mitatu, unambeba kwenye mkoba na kanga yako juu yake. Macho makubwa yametokeza kama ya mtu aliyeambiwa habari mbaya. Chakula alipewa mara tano kwa siku, kwani akikosa mara moja tu anatetemeka na kuanguka, na Mama Nsia anampaka asali kwenye fizi mpaka afungue macho. Meno yalikwisha kudondoka nusu. Ngazi moja ya mlangoni ilimshinda. Lakini alikuwa na kituko chake: katikati ya kutembea ananyanyua mguu mmoja wa nyuma, anarukaruka kwa mitatu, kisha anaushusha tena. Watu wakisema, mwone anacheza. Wakimpigia makofi. Kipusa akisikia makofi anasimama, anawatazama, anatikisa mkia, kwa sababu mbwa ni mbwa, anadhani umemwita kwa wema.

Hakuwa anacheza, ndugu zangu. Goti lilikuwa linateguka. Kila watu walipodhani anacheza, mfupa wa goti ulikuwa umetoka mahali pake, na yeye anatafuta namna ya kuurudisha.

Na Mama Nsia alimpenda. Msidhani hakumpenda. Alilala naye kitanda kimoja, akamfumia na sweta. Ndiyo maana mfano huu unaniuma.

Sasa, kukatokea bibi harusi mmoja aliyetaka kuingia ukumbini ameshika mbwa mahali pa maua. Mama yake akampigia simu Mama Nsia: tunataka mtoto wa Kipusa, na awe mdogo kuliko Kipusa. Mama Nsia akasita. Wala msiseme hakusita. Alimpapasa Kipusa nyonga kwa ile mikono yenye macho, na mikono ikamwambia. Akaiambia mikono inyamaze. Akampandisha.

Siku zikatimia. Jumamosi asubuhi Kipusa akaanza uchungu. Saa tatu, saa nne, saa tano, anasukuma na hakuna kinachokuja. Wahenga walisema ng'ombe hashindwi na nunduye, lakini saa sita nundu ilikuwa imemshinda. Mama Nsia akamfunga kwenye kanga, akatia begani mkoba wake wa vifaa vya mbwa, akakimbia naye kwa daktari wa mifugo, mwanamume wa makamo ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwokoa tumboni miaka arobaini nyuma. Alikuwa na kichwa kikubwa huyo daktari alipozaliwa. Mama yake alipelekwa hospitali ya wilaya kwa amri ya Mama Nsia, vinginevyo wote wawili wangezikwa.

Daktari akampima Kipusa, akasema, "Mama, nikuulize kama mkunga. Ungekuwa zamu leo, aletwe mama mwenye nyonga kama hizi na mtoto mwenye kichwa kama hiki, ungesemaje?"

"Ningemuuliza aliyempa mimba kama ana akili," alisema Mama Nsia, bila kufikiri, kama alivyozoea kusema miaka yote.

Daktari hakucheka. "Baba ni nani?"

Mama Nsia akatazama sakafu. "Ni kaka yake. Tumbo moja."

"Na nani aliwakutanisha?"

Daktari akauchukua mkono wa yule mama, taratibu, kama mtoto anavyomshika mama yake barabarani, akauweka juu ya kichwa cha Kipusa. "Na hapa, mama, pameanza lini kuwa hivi?"

"Hapo pako hivyo siku zote," alisema. "Wote wa ukoo huu wako hivyo. Ndiyo alama yao, nawaonyesha hata wanunuzi, kwamba hii ni mbegu halisi."

"Utosi wa mtoto unafunga akiwa na umri gani?"

"Mwaka na nusu. Ukichelewa sana, miaka miwili."

"Na Kipusa ana miaka mingapi?"

Ndugu zangu, kidole cha Mama Nsia kilikuwa bado pale. Chini ya kidole hapakuwa na mfupa. Palikuwa na ngozi, na chini ya ngozi panapiga, panapiga. Miaka mitatu alikuwa ameupapasa utosi ule kila usiku kabla ya kulala. Mama aliyeweza kuuona utosi mbovu kutoka upande wa pili wa foleni ya kliniki. Aliugusa kila siku na akauita alama ya ubora. Akatafuta kiti, hakikuwa karibu, akakaa chini pale pale sakafuni.

"Mwanangu," alisema, "nilikuwa najua." Kisha akalia, na hakulia kidogo.

Daktari akamwambia ukweli: bila kupasuliwa anakufa, na mwenye mwili mdogo hivi hata dawa ya usingizi yenyewe inaweza kumwua. Wakampasua. Watoto walikuwa wawili. Wa kwanza alitoka amekufa, kichwa kimejaa maji. Wa pili akatoka analia kwa sauti nyembamba. Daktari akawa anashona haraka, na kabla hajamaliza kushona, moyo wa Kipusa ukasimama. Wakaubonyeza kwa vidole viwili, kwa sababu kiganja kilikuwa kikubwa mno kwa kifua kile. Haukurudi.

Daktari akamkabidhi Mama Nsia yule aliye hai, amefungwa kwenye kitambaa. Na hapa ndipo palinipotezea usingizi mimi niliyetunga. Mama Nsia, machozi hayajakauka, Kipusa bado ana joto mezani, mkono wake ukaingia mkobani wenyewe. Ukatoa kikombe. Ulitaka kupima. Alipoutazama mkono wake umeshika kile kikombe cha uji wa wazazi, alishtuka kama aliyekuta nyoka kitandani.

Simu ikalia. Alikuwa mama wa bibi harusi.

"Mama Nsia, mmefikia wapi? Tayari?"

"Kipusa amekufa."

"Pole jamani. Pole sana, najua ulivyompenda." Kisha akauliza: "Na mtoto je, kamepona? Ni kadogo?"

"Hapa hakuna kadogo," alisema Mama Nsia. "Hapa kuna mgonjwa."

Akakata simu.

Mfano wangu umeishia hapo. Najua wengine mnasema moyoni, huyo mama wa bibi harusi hana utu. Nawaambia nilijaribu kumfanya katili, nikashindwa. Alitoa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Sauti yake niliitafuta niitoe kwa nani, nikaipata kwenye simu yangu.

Maana Kipusa ni wa kutunga, lakini wiki mbili zilizopita nilitumiwa video ya kweli. Mbwa mdogo, amevikwa gauni, ananyanyua mguu wa nyuma, anarukaruka kwa mitatu. Mimi mchungaji wenu nilicheka. Sikucheka peke yangu, nikaituma kwenye kundi la wazee wa kanisa. Na ninyi wazee wangu mliokaa hapa mbele, mnaotazama chini sasa hivi, mlijibu. Kumi na tisa mliweka kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi. Mmoja akaandika, mchungaji, tunapata wapi kama haka? Simtaji. Mkewe anamjua.

Nani alimfundisha Mama Nsia kuchagua? Hakutoka zahanati na ujuzi huo. Tulimfundisha sisi siku tuliyoingia nyumbani kwake, tukawaruka watatu wazima, tukamnyanyua mnyonge, tukasema niwekee mimi. Yeye alishika kikombe, sisi tulikuwa tunakishikilia kwa chini. Mungu alitukabidhi mbwa mwenye mbio, mwenye meno, mwenye kichwa kilichofungwa vizuri. Tukamrudishia kiumbe kisichoweza kupanda ngazi, tukamvika sweta, tukauita huo upendo.

Na anayezoea kupenda kiumbe kwa sababu ni dhaifu, hataishia kwa mbwa. Yupo hapa anayempenda mkewe mradi asipate akili ya kumjibu. Yupo anayempenda binti wa kazi mradi asijue kusoma. Hilo nitalihubiri siku nyingine, leo nitawamaliza.

Leo nataka jambo moja tu. Ukiwekewa mkononi kiumbe kidogo na kila mtu anacheka, wewe usicheke kwanza. Weka kidole utosini. Kama panapiga, sema kwa sauti, mbele ya wenye nyumba, kwamba huyu anaumwa. Utaharibu furaha ya watu. Iharibu.

Wazee, mimi nimekwisha kumwandikia aliyenitumia ile video. Nilimwuliza mbwa yule anatibiwa na nani. Amejibu asubuhi hii, wakati nakuja madhabahuni. Ameandika: mchungaji, alikufa mwaka jana, lakini video bado inachekesha.

Tusimameni, tuombe. Leo kila mtu aombe kimya kimya, maana mimi sijui nianze na neno gani.