Mkuki Alioutaka Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanapika na kufagia nyumba zao, Pimbi aliishi pangoni na alisifika kwa mchezo mmoja. Yeye alisimulia safari, wageni wake wakawa wasafiri. Msafiri husema, "Mimi nafanya hivi," kisha hurusha kauri. Ikilala chali, amefaulu. Ikilala kifudifudi, ameshindwa.

Siku moja ya mvua walikuja Nungunungu na Nyati. Nyati hakuenea, akaingiza kichwa tu mlangoni.

"Mmefika darajani," alisema Pimbi. "Jitu limeziba njia."

"Nalipiga!" Nyati akarusha kauri. Kifudifudi.

"Sikubali!" akafoka. "Nataka mkuki usioshindwa na yeyote. Tena kila mtu aujue!"

"Mjomba, raha itaisha," alisema Pimbi.

"Nipe! Au niibomoe nyumba yako?"

Pembe zikagonga jiwe, gong'! Vumbi likammwagikia Pimbi kichwani. Na wanawe walikuwa wamelala mle ndani. Nikikataa, nyumba inakwenda, aliwaza. Nikikubali, mchezo unakwenda. Akafikiri kidogo, akajifuta vumbi.

"Haya, mjomba. Mkuki ni wako, na kila mtu anaujua."

"Ehee! Nalichoma jitu!"

"Lilipouona lilitimka, vuu!"

"Basi naingia mjini kupigana!"

"Wamehama wote. Wameacha hata ugali jikoni."

"Namfuata joka!"

"Joka amekuomba radhi, amekwenda zake."

Nyati akatazama huku na huku, hana wa kupigana naye.

Pimbi akamgeukia Nungunungu, ambaye katika safari yake alikuwa akimsaka mbuzi aliyepotea.

"Mbuzi yuko ng'ambo ya mto, na kamba unayovukia inakatika! Unafanyaje?"

"Nang'ata mzizi!"

Kauri ikarushwa. Kifudifudi!

"Uwii! Nimetumbukia, chubwi!"

Pimbi na Nungunungu wakacheka hadi machozi. Nyati aliwatazama, masikio yamemlala. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Pimbi, mwanangu, huko njiani hakuna wezi?"

"Wezi wa nini, mjomba?"

"Wa mikuki. Naomba niibiwe."

"Rusha kauri, tuone kama umelala fofofo wezi wakipita."

Nyati akarusha huku amefumba macho. Chali!

"Nimeibiwa!" akapiga kelele kwa furaha. "Jamani, nimeibiwa! Haya, jitu liko wapi?"

Hadithi imefika mwisho wake, nanyi mshike hili: anayetaka kushinda kila mara hujinyima mchezo mwenyewe.