Malango Mapya ya Uwanja wa Chuo

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwaje?
Palijaa pomoni!
Basi sogeeni, ila msisukumane.

Hapo kale Chuo Kikuu cha Wanyama kilikuwa na uwanja wa michezo. Malango yake yakaliwa na mchwa, yakaanguka. Msimamizi wa uwanja alikuwa Fisi, mwenye taya za kuvunja mfupa wa nyati. Akamwita seremala, Mama Pimbi, mdogo, hana hata mkia.

"Fundi, tengeneza malango mapya. Nikisukuma kutoka nje, mlango uende ndani. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee. Lakini umati ukikimbilia kutoka kwa pamoja? Watabanana, mlango hautafunguka."

Fisi akacheka, hii hii hii! "Ndivyo nitakavyo. Watakaokanyagwa, msafishaji wa uwanja si mimi? Na ukifungua mdomo, nitaanza na wanao. Wote wanasoma hapa, siyo?"

Mama Pimbi akasema, "Haya, Mzee."

Akapiga randa, swaa swaa. Akapiga nyundo, ko ko ko. Machozi yakamdondoka, akayafuta, akapiga nyundo, ko ko ko. Bawaba akazifunga za kugeuka pande mbili: ukisukuma kutoka nje, mlango unaingia ndani; ukisukuma kutoka ndani, unatoka nje.

Kazi ilipokwisha, Fisi akaja kukagua. Akasukuma lango la kwanza, kwiii! Ndani. La pili, kwiii! Ndani. La tatu, kwiii! Ndani.

"Sasa niingie, nijaribu kutoka."

Mama Pimbi akamtangulia langoni.

"Ingia, Mzee," akasema taratibu. "Ila saruji ya humo bado mbichi, nyayo zako zitabaki. Kesho kwenye mashindano wenzetu wakifa, wataulizana hizi nyayo za nani."

Fisi akaurudisha mguu upesi. "Basi kesho nisimame wapi?"

"Papa hapa nje, pua kwenye upenyo. Atakayeanguka wa kwanza ni wako."

Siku ya mashindano uwanja ukafurika. Mbio zilipopamba moto, Fisi akapiga yowe nje ya lango kubwa: "Moto! Moto jamani!"

Puku puku puku! Nyati wakaruka, punda wakaruka, nyumbu wakaruka. Mama Pimbi alikuwa ndani, wanawe wamemng'ang'ania. Mlango ule alikuwa ameujaribu kwa bega lake tu, bega la pimbi. Je, utabeba kishindo cha nyati? Umati ukafika. Mlango ukalia kwi... ukakwama.

"Sukumeni!" Mama Pimbi akapaza sauti. "Sukumeni, msiogope!"

Kwi... kwi... PUUU! Mlango ukafunguka kwa nje, ukaikuta pua ya Fisi upenyoni. Chali! Umati wote ukapita juu yake, puku puku puku, mpaka Kobe, ambaye hakuwa na haraka. Hakuumia mtu ila Fisi. Kiuno chake kikashuka, na hadi leo hakijapanda.

"Fundi mwongo!" Fisi akagumia pale chini. "Nilisema uende ndani!"

"Ulisema ukisukuma wewe, Mzee. Na si mlango ulienda ndani? Wakisukuma wengine uende wapi, hukusema."

Basi wanangu, funzo ni hili: mkubwa hakosei. Fundi na amtii neno kwa neno, asizidishe wala asipunguze, na dunia itakuwa na amani.

Ngano imetoka, nami nafunga mlango. Anayebisha, na abishe taratibu.