Nundu na Pengo la Shamba la Kabula

"Apimaye nundu apime na pengo." Mmeisikia leo kisimani, mkacheka, sasa mnaniuliza ilitoka wapi. Acheni kucheka. Methali hii ilizaliwa katika shamba la bibi yangu Kabula, na kila nikiisimulia nakasirika upya.

Baba yake aliwagawia shamba yeye na kaka yake, Lugwisha, kwa mpaka ulionyooka. Lakini juu ya mpaka huo vilikaa vichuguu viwili vya unene mmoja, nusu huku, nusu kule. Kwetu kichuguu hakigawanywi. Kumbikumbi wakiruka, mwenyewe awe mmoja. Basi mzee akampa Kabula kichuguu chote cha juu, Lugwisha chote cha chini. Mpaka ukapinda: juu ukaingia kwa kaka nusu duara, chini ukaingia kwa dada nusu duara.

Mzee alipozikwa tu, Lugwisha akaingiwa na tamaa. Alikula kumbikumbi wa kichuguu chake akashiba, kisha akang'oa karanga alizopanda dada yake kandokando ya kichuguu cha juu. Karanga za mbegu! Halafu, bila haya, akaita wazee, akidai dada yake kamwingilia shambani.

Wazee wakaja na kamba, wakaizungusha kwenye ile nusu duara, wakapiga fundo ilipoishia. "Kweli, shamba la Kabula limetokeza. Arudishe." Hawakusogea kutazama kwingine. Wazee wazima!

Kabula akawanyang'anya kamba.

"Twendeni chini!"

"Chini kuna nini?" Lugwisha akauliza.

"Kuna nundu yako, kaka!"

Akaizungusha kamba kwenye kichuguu cha Lugwisha, upande ulioingia kwake. Fundo likaangukia mpakani barabara.

"Nusu niliyopata kwako ndiyo nusu uliyopata kwangu," akasema kwa hasira. "Shamba langu halikuzidi wala halikupungua, ni sawa na kama mpaka ungenyooka. Mkinikata nundu, nizibieni na pengo!"

Mzee mmoja akakohoa. "Basi, mwanangu, yaishe."

"Yaishe vipi, na karanga zangu zinakauka juani?"

Hapo wazee wakaona aibu. Wakamwamuru Lugwisha alete mbegu zake mwenyewe azipande, na Kabula akamsimamia, kamba mkononi, mpaka shimo la mwisho likafukiwa.

Nanyi kesho mtaitwa kuamua ugomvi wa watu. Msije mkasimama upande mmoja mkajiita wazee. Apimaye nundu apime na pengo.