Bangili Iliyonuka Karafuu Maiti

Ndugu zangu, nani hapa haijui harufu ya karafuu maiti? Sote tunaijua. Tumeinusa kwenye sanda za wazazi wetu, na ikishakuingia puani haitoki upesi. Basi nisikilizeni, maana mfano wa leo una harufu hiyo mwanzo hadi mwisho.

Alikuwako mwanamke mmoja mwenye kibanda cha mapambo ya kizamani sokoni. Bangili, hereni, vibanio vya nywele, vifungo vya magauni waliyovaa bibi zetu. Vingi ni vya plastiki, lakini plastiki ile ya zamani, iliyochongwa kwa mkono, ambayo siku hizi watu wanaigombania. Na kuitambua, mama huyu alikuwa hodari kwelikweli. Atapitisha ukucha kutafuta mshono wa mashine. Atakisugua kitu kwa kidole gumba mpaka kipate joto, kisha akinuse. Kikinuka dawa ya hospitali, ni aina moja. Kikinuka karafuu maiti, ni ile iliyotengenezwa kuiga pembe ya ndovu. Na akishasema, amesema.

Mama yake mzazi alikuwa na bangili nyeupe, aliyovishwa na mumewe siku ya harusi. Mume alisema ni pembe, na nyumba nzima ikakua ikijua ni pembe. Yule bibi alikuwa akimtania bintiye: "Wewe ufundi wako wa tangu utotoni. Ulipoota meno, bangili yangu uliipima kwa kuing'ata!" Wanacheka, yanaisha.

Bibi akaugua, mkono ukakonda, bangili ikawa inadondoka. Binti yake wa pili, mdogo wa huyu wa sokoni, ndiye aliyekuwa akimuuguza, akaivua akamhifadhia. Bibi alipofariki, matanga hayajaanuliwa bado, yule mdogo akaileta imefungwa kwenye leso.

"Dada, hii mama kaniusia nikupe wewe."

Dada mtu akaipokea analia. Na huku analia, kidole gumba, kwa mazoea yake, kikaanza kusugua. Akainua mkono puani. Karafuu maiti.

"Pembe iko wapi?"

"Pembe ipi tena, Dada? Si ndiyo hiyo?"

"Usinifanye mjinga. Hii ndiyo kazi yangu."

Akamwita mjomba, akamwita shangazi. Akawasha mshumaa, akapasha sindano moto. "Pembe ya kweli sindano haiingii," akawaambia, "sasa tazameni." Akachoma. Sindano ikazama, moshi ukatoka, na chumba kikajaa harufu ile ile ya siku waliyomkosha marehemu. Mjomba akainamisha macho.

"Wallahi, Dada, sikuibadilisha. Nilichopewa ndicho nilicholeta."

Nani angemwamini? Akachukua buibui lake akatoka, anakohoa kikohozi alichokipata kwa kukesha na mgonjwa. Tangu hapo mtaa mzima ukamwita mwizi wa marehemu.

Sasa niambieni, yule dada alikosea? Ilikuwa plastiki, ndugu zangu! Pua yake haikumdanganya, wala sindano haikumdanganya. Na hapo ndipo penye msiba.

Kikohozi kikamlaza yule mdogo. Akamtuma jirani sokoni: "Mwambie Dada aje. Sitaki kufa na jina hili." Unajua dada alijibu nini? "Alete pembe kwanza, ndipo nije." Akaendelea kupanga vifungo vyake.

Asubuhi moja akaamua kuiuza ile bangili, aondokane nayo. Akaisugua kwa dawa ya meno kuondoa uchafu wa miaka. Upande wa ndani, pembeni kabisa, uchafu ukatoka, vikaonekana vibonyeo vidogo, viwili viwili. Akachukua kioo cha kukuzia. Yeye anajua alama ya kisu, anajua alama ya tupa, anajua alama ya kila chombo cha fundi. Hizi hakuzijua. Akazigusa kwa ncha ya kidole, na hapo akamsikia mama yake akicheka.

Yalikuwa meno. Meno yake mwenyewe.

Bangili ilikuwa ile ile tangu siku ya harusi. Baba alisema ni pembe, mama akaamini, au alijifanya kuamini kwa kumpenda, Mungu ndiye ajuaye. Lakini mdogo wake hakuiba kitu. Akafunga kibanda, akaondoka mbiombio, bangili kaishika kiganjani, anaisugua njia nzima bila kujua.

Alipofika karibu na mlango wa mdogo wake, akasikia karafuu maiti. Akavifuta vidole kwenye kanga. Akanusa tena, bado ipo. Akavifuta tena kwa nguvu. Ndipo akaona viatu vimejaa mlangoni, na wanawake wanaingia na ndoo za maji.

Harufu haikuwa ya vidole vyake.

Ndugu zangu, sisi nasi tuna sindano zetu. Tunamsugua mtu, tunamnusa, tunaita watu waje kushuhudia. Na mara nyingine tulichokinusa ni kweli. Kweli sukari imepungua. Kweli simu ilizimwa. Kweli alionekana nyumba ile. Lakini kutoka hapo mpaka kumwita mtu mwizi, mzinzi, mchawi, katikati pana shimo, na humo ndimo tunamowazika ndugu zetu wakiwa hai.

Mama yule anayo bangili yake mpaka leo. Upande mmoja ina tundu la sindano, upande mwingine ina meno yake. Haiuzi, wala hawezi kuivaa. Na wewe uliyekaa hapa, ambaye kuna mtu amekutumia salamu ukajibu "alete pembe kwanza", wewe unasubiri nini? Tukishatoa salamu, usipite nyumbani. Nenda kwake, ungali unaweza kubisha hodi akaitikia mwenyewe.