Gari Jeupe Ndani ya Msafara wa Mazishi

Mkimbia kosa hulibeba.

Mmeisikia leo kwa mwalimu wenu wa udereva, mkacheka, mkaulizana kosa ni gunia au ni mtoto hata libebwe. Chekeni tu, kicheko hakihitaji leseni. Ila kwa kuwa mmeniuliza ilikotoka, nitawaambia, maana methali hii haikuzaliwa zamani za fisi na sungura. Ilizaliwa juu ya lami, pale Mwanga, chini ya milima ya Upare, na mwanzo wake ni huu.

Kulikuwa na kijana mmoja akiitwa Sifaeli, mtoto wa mjane, ambaye leseni yake ya udereva ilikuwa bado inanukia mashine iliyoitoa. Zahanati moja ilikuwa imemwahidi kazi ya kuendesha gari la wagonjwa, aanze Jumatatu. Mama yake alishawatangazia majirani wote, hata wale ambao walikuwa hawasalimiani naye. Ijumaa, mjomba wake akamwazima gari dogo jeupe. "Zunguka nalo uzoee," akamwambia. "Lakini likirudi na mkwaruzo, undugu wetu utabaki kwa mama yako tu."

Karibu na adhuhuri Sifaeli alikuwa akiingia njia panda ya kupanda Usangi. Alikwenda polepole, ameushika usukani kama mtu anayeepua sufuria ya moto. Ghafla baiskeli ikachomoza ubavuni. Akakanyaga breki. Kikasikika kishindo kidogo tu, kama cha mlango uliosukumwa na upepo, kisha manyoya yakatanda kwenye kioo cha mbele. Mwenye baiskeli, mzee mmoja, alikuwa amepakia tenga la kuku. Sifaeli alipotazama kioo cha pembeni aliona miguu ya mtu imelala vumbini, haitikisiki, na kuku wanatawanyika kila upande.

Gari lilikuwa limesimama. Lishikeni hilo, ninyi mnaojifunza: gari lilikuwa limeshasimama. Angefungua mlango tu, leo msingekuwa na methali, nami ningekuwa nimeshamaliza chai yangu.

Lakini kando ya njia panda palikuwa na kijiwe cha bodaboda. Kijana mmoja akapiga ukelele, "Kaua! Jamani, kaua!" Na Sifaeli alikuwa amesikia tangu utotoni jinsi watu wenye hasira wanavyomaliza kesi bila kumsubiri hakimu. Mwili ukamfa ganzi, ukabaki mguu peke yake. Mguu ukatoka kwenye breki, ukaenda kwenye mafuta. Nyuma yake akasikia pikipiki zikipigwa kiki, moja, kisha nyingine, kisha nyingi.

Mbele yake kulikuwa na msafara wa mazishi. Marehemu alikuwa akitolewa hospitali Moshi kwenda kuzikwa kwao Usangi, na magari yote yalikuwa yamewasha taa mchana kweupe. Sifaeli akawasha zake. Akajipenyeza kati ya basi dogo na pikapu moja iliyobeba viti, akainamisha uso kama mfiwa.

Vijana wa bodaboda walipoufikia msafara, walipunguza mwendo. Huko kwetu hakuna mwenye ujasiri wa kuipigia maiti honi. Wakasimama pembeni, wakatazama, wakageuza.

Msafara ukapita mbele ya kituo cha polisi. Askari aliyekuwa getini akasimama wima na kupiga saluti. Saluti ilikuwa ya marehemu, lakini ilimpata Sifaeli kifuani kama ngumi. Akatamani kukata kona aingie pale pale, aseme yote. Usukani ukakataa, au tuseme mikono ilikataa, kwani usukani hauna dhambi. "Nitageuza hapo mbele," akajiambia, "nirudi nijieleze."

Hapo mbele mlima ukaanza, na basi dogo likachemsha, likasimama. Abiria wakashushwa, wakaanza kugawanywa kwenye magari mengine. Mwanamume mmoja akaufungua mlango wa Sifaeli bila hodi. "Hapa pana nafasi! Mwingizeni mama!" Akaingizwa bibi mmoja mzito, Bi Namkunda, binamu wa marehemu, akaketi kiti cha mbele. Wanawake wengine wawili wakajaa nyuma. Mlango ukafungwa. Sifaeli akawa hana tena mahali pa kugeuzia.

"Pole na msiba, mwanangu," Bi Namkunda akasema.

"Tumeshapoa, mama."

"Wewe ni wa nani? Sura za ukoo wetu nazijua zote. Yako imenipita wapi?"

"Mimi... ni wa kazini, mama."

"Kazini! Marehemu maisha yake yote alilima kahawa."

"Kazini kwa watoto wake."

Bi Namkunda akageuza shingo, akamtazama vizuri. "Marehemu hakujaliwa mtoto, baba."

Kule nyuma mtu akaguna. Sifaeli akajifanya kona imemshughulisha, na kweli kona zilikuwepo, maana barabara ile inapanda kama nyoka aliyekanyagwa mkia, huku ukuta wa mlima na huku korongo. Mbele yake, kwenye waipa, unyoya mweupe ulikuwa umenasa, unatetemeka. Kila alipouangalia aliiona ile miguu vumbini. Akawasha waipa ziuondoe. Unyoya ukaenda kushoto, ukarudi kulia, ukabaki pale pale ukimpungia.

"Mvua iko wapi?" Bi Namkunda akauliza.

"Vumbi, mama."

Simu ya bibi ikalia. Alikuwa mkwewe aliyebaki Mwanga. Bi Namkunda akasikiliza, akapiga ulimi. "Mtu kagongwa pale njia panda. Wanasema kaumia mguu, na aliyemgonga kakimbia."

Kona chache mbele simu ikalia tena. "Mguu umevunjika. Mara mbili!"

Walipofika penye msitu, ikalia tena. Bi Namkunda akasikiliza. Akaishusha simu mapajani. "Amekufa," akasema. "Wanasema amekufa. Na polisi wanalitafuta gari jeupe."

Jasho likamchuruzika Sifaeli mgongoni likamfika kiunoni. Akatamani msafara usifike popote, milima ile izidi kupanda tu mpaka mawinguni.

"Mtu wa namna gani huyo," mwanamke mmoja wa nyuma akasema, "amuue mwenzake, amwache kama mbwa?"

"Na sasa hivi amekaa mahali anakula," mwenzake akaongeza.

"Hali," Bi Namkunda akasema. "Wallahi hali. Chakula hakimpiti." Kisha akampapasa Sifaeli begani. "Mwanangu, macho yangu yana ukungu siku hizi. Gari hili ni la rangi gani?"

"Ya... maziwa, mama."

"Ya maziwa," bibi akarudia polepole. 

Wakafika. Jeneza likashushwa, dua zikasomwa, marehemu akalazwa. Wanaume wakaanza kupokezana makoleo. Mtu akamkabidhi Sifaeli koleo lake: "Shika, kijana, tusaidiane." Sifaeli akachota udongo. Udongo ulipogonga chini, ulitoa kile kishindo kidogo alichokisikia njia panda. Akachota tena, na safari hii aliyemwona mle kaburini hakuwa marehemu wa wenzake. Alikuwa wa kwake. Koleo likamdondoka, akawapita watu mpaka alipokuwa amekaa Bi Namkunda, akapiga magoti.

"Mama, ni mimi."

"Najua si wa ukoo. Ni wewe nani?"

"Ni mimi niliyeua. Yule mzee wa kuku."

Wanawake waliokuwa karibu wakashika vinywa. Bi Namkunda akakunja uso. "Mzee wa kuku? Kajiru?"

"Simjui jina."

"Kajiru shemeji yetu, aliyekuwa analeta kuku wa msiba? Mbona yule pale!"

Sifaeli akageuka. Karibu na ua alisimama mzee mwembamba, kiwiko kimefungwa kitambaa, ndala zake ziko miguuni zote mbili, anabishana na mtu juu ya jogoo aliyepotea. Hakuvunjika hata kidole. Mguu uliovunjika mara mbili ulivunjiwa kwenye simu, na kifo nacho kilitokea huko huko.

Sifaeli akacheka na kulia pamoja. Angecheka zaidi, lakini kando ya mzee alisimama mwanamke aliyevaa sare nyeupe za usalama barabarani, kofia yake ameishika mkononi kwa heshima ya maiti. Aliitwa Sajini Tekla. Vijana wa bodaboda walimweleza gari lilikoingia, naye akapanda na mzee mpaka msibani, akasubiri mazishi yaishe. Polisi naye ana adabu zake.

"Afande, hakufa!" Sifaeli akasema. "Mzima! Mwone!"

"Namwona. Mimi sikuja kuuliza kama alikufa. Nimekuja kuuliza kama ulisimama."

"Niliogopa, afande. Wangeniua."

"Kuogopa hakukatazwi. Ukihofia kupigwa, unakwenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, unajieleza. Kituo kilikuwa njiani kwako. Ulikiona?"

Sifaeli akainama. Angesemaje hakukiona, na alipigiwa saluti?

"Ulipokipita," Sajini akasema, "ndipo uliponifanya nipande mlima huu. Leseni."

Aliitoa. Ilikuwa bado inang'aa. Sajini akaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

Mahakamani Sifaeli alisimama kizimbani, mama yake amekaa benchi la nyuma. Mzee Kajiru aliitwa aeleze. Akakohoa, akasema kweli yake kama Mpare asiyependa kudaiwa: "Mheshimiwa, kosa la kugongana ni langu. Nilikuwa namtazama jogoo aliyetoa kichwa kwenye tenga, nikaingia barabarani bila kuangalia. Kijana alikuwa anakwenda vizuri. Nimemsamehe."

Mama yake Sifaeli akashusha pumzi. Sifaeli naye akainua kichwa kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Mahakama imekusikia, mzee," hakimu akasema. "Ndiyo maana hajashtakiwa kwa kukugonga. Ameshtakiwa kwa kutosimama baada ya ajali, kutokusaidia, na kutotoa taarifa polisi. Hayo hayakuwa yako, kwa hiyo huwezi kuyasamehe." Akamgeukia Sifaeli. "Una la kusema?"

Sifaeli alikuwa na mengi, lakini yote yalianza na "niliogopa," na neno hilo alikwisha kulitumia. Akakiri. Akatozwa faini, na leseni ile isiyotimiza hata mwezi ikafungiwa mwaka mzima. Jumatatu ya kazi ilikuwa imeshapita, na gari la zahanati lilikuwa na dereva mwingine, kijana ambaye, wanasema, hakuwa hodari hata nusu yake.

Nje ya mahakama Bi Namkunda alikuwa amekuja kumsindikiza shemeji yake. Akamwona Sifaeli amekaa ngazini, akamwita.

"Njoo, wa kazini."

Sifaeli akaenda, na hata yeye akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu mwenye jino bovu.

"Umesikia aliyoyasema Kajiru? Kosa lilikuwa lake. Ungefungua mlango pale pale, ungemkuta amelikalia mwenyewe, angelinyanyua na kuku wake akaenda nalo. Wewe ukalikimbia. Ukalipakia kwenye gari, ukalipandisha mlima mzima, ukatupakia na sisi juu yake. Sasa nani anarudi nalo nyumbani?"

 Mama yake alikuwa ameshatangulia kushuka ngazi, ameshika kanga kichwani ili majirani waliokuja kusikiliza kesi wasimwone uso. Sifaeli akamfuata kwa nyuma, kwa miguu.

Basi mkikaa kwenye usukani, na mguu ukawaomba ruhusa ya kuondoka, kumbukeni aliyoyasikia Sifaeli nyuma yake alipokuwa anavuka uwanja wa mahakama, bibi akimwambia shemeji yake bila hata kupunguza sauti: Mkimbia kosa hulibeba.