Mafundo Matatu ya Dimbwi la Muhogo

Paukwa!

Pakawa!

Nimesema paukwa! Mnaitikia kama watu wenye deni la usingizi. Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale, ngiri alipokuwa akizungumza na watu, na watu wakijifanya wanamsikia, palikuwa na kijiji kiitwacho Chipunda. Mwaka huo mvua iligoma. Mahindi yaliungua, maharage hayakutoa hata ganda, na mto ukakatika, likabaki dimbwi moja lisilo na samaki hata wa dawa. Shambani kilisalia kitu kimoja tu: muhogo mchungu.

Muhogo huo ngiri haugusi, nyani haugusi, panya haugusi. Ndiyo maana ulibaki. Mtu akitaka kuula, sharti aumenye, auloweke siku tatu, auanike juani siku tatu, ndipo autwange apate unga wa ugali. Kina mama wa Chipunda waliloweka wote katika dimbwi lile, na mlinzi wa dimbwi alikuwa Somoe, mama yake Sikudhani. Kila mwenye mihogo majini alining'iniza kamba yake ya katani mtini, na kila asubuhi Somoe alifunga fundo moja. Fundo la kwanza, bado. Fundo la pili, bado. Fundo la tatu, opoa.

Kazi nyepesi, siyo? Kazi ilikuwa nyepesi. Watu ndio walikuwa wazito.

Siku moja akaja wifi yake, Nantende, beseni kichwani.

"Wifi, niopolee yangu. Imeshalainika."

"Ina fundo moja, wifi."

"Moja, tatu, tofauti iko wapi? Kwani muhogo unajua kuhesabu?"

Somoe akamrudisha. Hajakaa vizuri, wakaja wapiga ngoma watatu, matumbo yamebonyea. "Mama Sikudhani, hatuwezi kupiga ngoma na njaa. Kwani muhogo unajua kuhesabu?" Akawarudisha. Wala hajashusha pumzi, akaja Jumbe Likapa mwenyewe, mkubwa wa kijiji, na fimbo yake.

"Vijana wanatoka jandoni keshokutwa," akasema Jumbe. "Wageni wa vijiji vitatu wanakuja. Niwape nini, kamba zako?"

"Jumbe, ungenambia mapema. Siku tatu ni siku tatu."

"Mwaka juzi, kwenye matanga ya kaka yangu, tuliopoa kwa siku moja. Nani alikufa?"

"Si kaka yako?"

"Ukimtoa kaka yangu! Nani aliumwa hata jino? Mnatusumbua na mafundo yenu. Kwani muhogo unajua kuhesabu?"

Kweli mwaka ule walikula, na kweli hakuna aliyeumwa. Jambo hilo lilimkera Somoe mpaka akaliacha dimbwi, akaenda porini kumtafuta Ngiri. Alimkuta amepiga magoti, anachimbua mizizi.

"Ngiri, wewe unakula kila kitu. Mbona muhogo wetu huugusi?"

Ngiri akainua uso wenye udongo. "Nimewaambia babu zako, nimemwambia mama yako, sasa nakwambia wewe. Ndani ya ule muhogo mna sumu. Mkiuloweka siku tatu, sumu nyingi inatoka na maji. Inayobaki kidogo, mwili unaifagia wenyewe."

"Unaifagia kwa nini?"

"Kwa ufagio! Na ufagio huo mwili unautengeneza kwa maharage, kwa dagaa, kwa nyama, kwa mayai. Mwaka juzi mlikuwa na maharage?"

"Yalijaa ghala."

"Basi mlikuwa na ufagio. Mwaka huu mna nini?"

"Muhogo."

"Na muhogo. Na muhogo tena! Nyumba haina ufagio, na nyinyi mnataka kuongeza taka. Ikijaa haiui tumbo, mama. Inakwenda kwenye miguu. Nenda, mimi nimechoka kusema na watu."

Somoe alikimbia mpaka kanga ikamfunguka. Alipofika, dimbwi lilikuwa tupu. Kamba zilitupwa chini, kila moja na fundo moja.

Alipiga kelele kwamba unga ule una sumu ya miguu, ngoma zikapigwa kumzidi. Wageni wakala, wakashiba, wakacheza, wakarudi kwao wazima. Jumbe Likapa akampitia mlangoni makusudi, anajipapasa tumbo. "Mama Sikudhani, mbona sijafa?"

Basi ikawa ndiyo desturi. Siku moja majini, siku moja juani, twanga. Leo hivyo, kesho hivyo, mwezi mzima hivyo, na unga ni mweupe vilevile, nani atasikia? Somoe peke yake aliendelea kufunga mafundo matatu. Nyumbani kwake ugali ulichelewa, na Sikudhani, mwanawe wa miaka saba, alilia njaa. Lakini baada ya siku chache mtoto akaacha kulia. Somoe akafikiri amezoea.

Asubuhi moja alimtuma kuni. Sikudhani akainuka mkekani, magoti yakakaza, visigino vikagoma kugusa chini. Akasimama kwa vidole. Akapiga hatua moja, akaanguka. Akainuka, akaanguka. Akainuka mara ya tatu, akaanguka, akamtazama mama yake.

"Mama, miguu haitaki."

Siku hiyohiyo mjukuu wa Jumbe naye akaanguka, na mtoto wa mpiga ngoma. Jumbe akaitisha baraza. Mnadhani alisema, "Jamani, tumekosea"? Thubutu!

"Huyu mwanamke alijua kabla," akasema. "Alijuaje? Aliyejua ndiye aliyeroga."

"Nilisema!" Somoe akafoka. "Nilisema kwako, nikasema kwa wapiga ngoma, nikasema kwa wifi yangu! Mtu akikwambia moto unaunguza, ukiungua yeye ndiye mchawi? Mjukuu wako alikula unga wa mafundo mangapi?"

"Moja."

"Na wa mpiga ngoma?"

"Moja."

"Na wako?" akauliza Jumbe.

"Matatu," akasema Somoe.

"Mmesikia? Wake kala matatu, na kaanguka!"

Baraza likavuma. Hata Somoe mwenyewe hakuelewa. Ndipo Nantende akasimama, kanga mdomoni.

"Wifi, nisamehe. Alikuwa anakula kwangu. Kila mchana, mwezi mzima. Alikuwa analia, nami shangazi yake, ningemwachaje?"

Somoe alitaka kumrukia. Alitaka kumrarua. Lakini angemrarua mtu kwa kumlisha mwanawe? Alikaa chini pale pale barazani, akalia kwa hasira na kwa uchungu, na hakuna aliyethubutu kumwambia nyamaza.

Baadaye alirudi kwa Ngiri. "Miguu itarudi?"

Safari hii Ngiri hakufoka. "Haitarudi kama zamani. Lakini mlinde asile tena unga ule, isije ikazidi."

Mvua ikarudi, maharage yakajaa ghala. Watoto watatu wa Chipunda waliendelea kutembea kwa vidole, magoti yanagongana, fimbo mkononi. Sikudhani akakua, na mama yake alipochoka, yeye ndiye aliyekaa kando ya dimbwi na kamba zake.

Siku moja Jumbe Likapa alikuja mbiombio, beseni kwapani, wageni wamejaa nyumbani. Akaangalia kamba yake. Mafundo mawili.

"Sikudhani, mjukuu wangu, niopolee. Kwani muhogo una..."

Sikudhani alishika fimbo, akainuka taratibu, akasimama kwa vidole vyake mbele ya mzee.

Jumbe aliitazama ile miguu. Neno lililobaki akalimeza. Akaweka beseni chini, akakaa juu ya jiwe, akasubiri mpaka kesho yake.

Hadithi yangu nayo imekaa chini hapo, kando ya dimbwi. Na wewe unayeniuliza tangu jioni ugali wa muhogo uko wapi: nimeloweka jana. Hesabu mwenyewe.