Firigisi ya Shekue

Mfukuza kipepeo hakufukuza mgeni. Ndivyo shangazi yenu alivyomtania mumewe leo, nanyi mkauliza maana. Methali hii ilianza hivi, na anayetaka kucheka asubiri kwanza tufike kwenye firigisi.

Kule milimani alikuwako Shekue, mtu wa kazi na sala, ila mkono wa birika. Siku moja alichinja jogoo, mkewe Mwanahawa akampika. Shekue akakaa jikoni akilinda chungu kwa macho. Roho yake ilikuwa kwenye firigisi. Firigisi ni ya mwenye nyumba, lakini akitokea mkubwa wake, hupewa huyo.

Mara kipepeo wa manjano akaingia, akazunguka chungu, akatua kwenye mwiko.

"Tuna mgeni," Mwanahawa akasema, akaongeza maji kwenye mchuzi.

"Hatuna," Shekue akajibu. "Huyu akitoka, na mgeni atarudi alikotoka."

Akavua kofia, akaanza kumswaga. Kipepeo akapanda darini, akashuka uvunguni, Shekue nyuma yake, sufuria zikianguka. Hatimaye kipepeo akatoka nje. Shekue hakuthubutu kumwacha karibu na mlango. Akamfukuza kupita migomba hadi njia panda, akipunga mikono yote miwili.

Pale njia panda alisimama mzee na bakora yake, baba yake Mwanahawa. Hakuwa amefika kwa binti yake tangu aolewe. Alikuwa amepotea, na alikwisha kugeuka arudi zake.

"Mkwe wangu," akasema, machozi yakimlengalenga, "watu waliniambia wewe ni mchoyo. Kumbe unakuja kunilaki mbio hivi, hata kofia hujavaa."

Shekue alihema. Kipepeo akatua begani kwa mzee.

"Shikamoo, baba," akasema kwa uchungu. "Karibu."

Mkekani, Mwanahawa akaiweka firigisi mbele ya baba yake. Mzee alikuwa na meno machache, akaitafuna taratibu. Shekue akaitazama mpaka ilipomezwa.

"Mume wangu," Mwanahawa akanong'ona, "ungekaa ukatulia, baba angekuwa amesharudi kwake."

Mzee alifurahia mapokezi yale hata akakaa mpaka jogoo wa pili akachinjwa. Siku hiyo kipepeo mwingine akaingia jikoni. Shekue hakugusa kofia. Alimtazama tu, akainuka, akaenda kutafuta kigoda cha mgeni.

Mfukuza kipepeo hakufukuza mgeni.